Utume na Biashara: Mabalozi wa Karne ya 19 na Karafuu ya Pemba

Neno balozi limeingia katika Kiswahili kwa njia ndefu. Waarabu wa Ghuba walilitumia kumwita mwakilishi wa Waingereza aliyekaa kwao. Wao walilipata kwa Waturuki, na Waturuki walilipata kwa watu wa Venice, ambao walimwita bailo yule mkuu wao aliyekaa Istanbul kuangalia mambo ya dola yao pamoja na mali za wafanyabiashara wao. Asili ya neno hilo la Venice ni baiulus katika Kilatini, nalo maana yake ni mchukuzi, mtu abebaye mizigo. Basi anayesema balozi husema, bila ya kujua, mpagazi. Na kwa hakika mabalozi wa kwanza waliokuja Unguja, na yule mjumbe wa kwanza aliyetoka Unguja kwenda Marekani, walikuwa wachukuzi wa mizigo kwa maana yake halisi. Walibeba barua za wakuu wao mkono mmoja, na hati za shehena mkono wa pili.

Katika makala haya nimekusudia kueleza habari za watu watatu wa namna hiyo, nao ni Edmund Roberts, Richard Waters na Ahmad bin Na'aman, na kuuliza ni faida gani na hasara gani iliyopatikana kwa kuunganisha kazi ya dola na kazi ya duka katika mtu mmoja. Nitalianza jambo hili Pemba na kulimaliza Pemba. Sababu yake ni kwamba kisiwa hicho, ambacho Waarabu walikiita Kisiwa cha Kijani, ndicho kilichokuja kubeba uzito wa biashara ile kuliko nchi nyingine yo yote katika milki ya Masultani, ilhali hakikuwa na mtu wa kukisemea mahali bei zilipokatwa.

Haifai kudhani kwamba Wapemba hawakuujua utume kabla ya kuja wageni. Mwanzoni mwa karne ya 19 kisiwa kilikuwa chini ya Mazrui wa Mombasa, nao walikifanya ghala lao, kwa kuwa mpunga wa Pemba ndio uliolisha mji wa Mombasa. Mapokeo ya kisiwa yanasimulia kwamba wakuu wa Wapemba, walipochoshwa na utawala huo, walisafiri mpaka Maskati kumwomba Seyyid Said bin Sultan msaada. Majeshi ya Seyyid yalikitwaa kisiwa katika miaka ya 1822 na 1823, na tangu hapo Mombasa ikakosa ghala lake. Wajumbe wale hawakwenda kutafuta faida ya biashara zao. Walikwenda kubadilisha bwana. Lakini tendo lao liliiweka Pemba katika daftari za mataifa. Mwezi wa Februari 1824 Kapteni Owen wa manowari za Uingereza alipoiweka Mombasa chini ya himaya ya Waingereza, sharti mojawapo la mapatano yake na Mazrui lilikuwa Waingereza wawarudishie milki zao za zamani, na Pemba ilikuwa ya kwanza katika mawazo yao. Sharti jingine lilikuwa ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu. Serikali ya Uingereza haikuyakubali mapatano hayo, na mwaka 1826 himaya ile ikaondolewa. Pemba ikabaki mkononi mwa Seyyid. Tazama jinsi nchi na ushuru wake vilivyokwisha kuandikwa katika karatasi moja, tangu siku hizo.

Mwaka 1827 chombo cha Kimarekani kilichoitwa Mary Ann kilitia nanga Unguja. Mwenye shehena alikuwa Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth katika jimbo la New Hampshire, mtu ambaye siku za nyuma alikuwa na mali nyingi na baadaye akapata hasara kubwa. Roberts alichukizwa na taratibu za bandari, kwani alilazimishwa kufanya biashara na watu wa Seyyid peke yao. Alipoonana na Seyyid Said mwanzoni mwa mwaka 1828 alimweleza malalamiko yake, na Seyyid naye akamweleza haja yake ya kufanya urafiki na Wamarekani, kwani alitaka soko la bidhaa zake na silaha za kupigania vita vyake. Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza ya nchi hizi mbili yalikuwa malalamiko ya mwenye duka mbele ya mfalme ambaye naye ni mwenye duka.

Roberts alirudi kwao na kumwandikia rafiki yake Levi Woodbury, ambaye mwaka 1831 alipewa uwaziri wa manowari. Mwaka 1832 Roberts aliteuliwa kuwa mjumbe maalumu wa Marekani katika nchi za mashariki, lakini utume wake ulifichwa. Katika manowari Peacock aliandikwa kuwa karani wa nahodha. Alikwenda Siam na kufanya mkataba mwezi wa Machi 1833, kisha akaja Maskati, na hapo tarehe 21 Septemba 1833 mkataba wa urafiki na biashara baina ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa sahihi. Masharti yake yanaonyesha wazi kwamba aliyeyaandika alikuwa ameumia mwenyewe bandarini: Wamarekani wawe huru kununua na kuuza na mtu ye yote, wasilipe zaidi ya tano kwa mia juu ya mali iliyoteremshwa pwani, wasitozwe kitu juu ya mali wanayoipakia, na rais wao awe na haki ya kuweka balozi katika bandari za Seyyid, naye balozi huyo ndiye atakayekuwa hakimu wa pekee katika magomvi ya raia wake. Roberts alirudi mwaka 1835 kubadilishana hati zilizothibitishwa, akaendelea na safari yake ya mashariki, akafa Macao mwezi wa Juni 1836. Mkataba wake uliwapa nguvu watu ambao tayari walikuwa wamekwisha kuijua njia: katika vyombo 41 vya kigeni vilivyofika Unguja baina ya Septemba 1832 na Mei 1834, vyombo 32 vilikuwa vya Wamarekani, na vingi katika hivyo vilitoka mji mdogo wa Salem katika Massachusetts.

Salem ndiko alikotoka balozi wa kwanza. Richard Waters alifika Unguja mwezi wa Machi 1837. Siku zile serikali ya Marekani haikuwalipa mabalozi wa daraja lake mshahara. Waliachiwa ada ndogo ndogo za kazi zao, na wakaruhusiwa kufanya biashara ili wapate kuishi. Sheria iliyoanza kuibadili desturi hiyo haikutolewa mpaka mwaka 1856. Waters, basi, alikuja na vyeo viwili. Kwa upande mmoja alikuwa balozi wa Jamhuri. Kwa upande wa pili alikuwa wakala wa matajiri wa Salem, akipata sehemu yake katika kila shehena. Bendera iliyopepea juu ya nyumba yake ilikuwa moja, na mtu aliyeingia kwa mlango wa mbele hakuweza kujua kama anaingia ofisini au ghalani.

Ili kufahamu jinsi hali hii ilivyofanya kazi, yafaa kwanza kufahamu forodha ya Unguja. Seyyid Said hakukusanya ushuru kwa watumishi wake mwenyewe. Aliikodisha forodha kwa ijara ya mwaka, na aliyeikodi alimlipa kiasi kilichopatanwa, kisha ziada yote ikawa yake. Kwa miaka mingi mwenye ijara hiyo alikuwa Jairam Shivji, Banyani wa kabila la Bhatia kutoka Kachchh. Jairam aliwatawala wapakuzi na mahamali, alijua kila chombo kimepakia nini, aliwakopesha Waarabu wenye mashamba na wasafiri wa bara, na mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mkubwa kuliko wote. Waters alitambua upesi kwamba mkataba wa mwaka 1833 haukuwa na maana pasipo mtu huyu. Wakapatana: Waters aliuza na kununua kwa mkono wa Jairam, na Jairam akamhakikishia shehena na mahamali. Biashara huru iliyoandikwa Maskati ikawa biashara ya watu wawili Unguja.

Walioumia kwa mapatano hayo walikuwa wafanyabiashara wengine. Mwingereza Robert Norsworthy, aliyekuja kuweka duka kwa niaba ya nyumba moja ya London, alijikuta hapati watu wa kupakua mali yake wala wa kumwuzia, akalalamika kwa nguvu. Hata Wamarekani ambao hawakuwa wa upande wa Waters waliona kwamba balozi wao ni mshindani wao, na hapakuwa na hakimu wa kumwendea, kwa kuwa mkataba ulimfanya balozi mwenyewe kuwa hakimu. Hali ilibadilika kidogo baada ya mwaka 1841, alipokuja Kapteni Atkins Hamerton kuwa balozi wa Uingereza, mtu wa jeshi la Kampuni ya India aliyelipwa mshahara na asiye na duka. Waters alirudi Salem mwaka 1844 akiwa mtu mwenye mali.

Hata hivyo, si haki kumhukumu Waters kwa mizani ya siku hizi, wala si haki kudhani kwamba kosa lake lilikuwa kufanya biashara. Katika pwani yetu hapakuwa na mpaka baina ya mambo hayo mawili. Seyyid mwenyewe alikuwa mtawala, mwenye mashamba, mwenye merikebu na mwuzaji; liwali alifanya biashara; mwenye forodha aliikopesha dola. Lugha yenyewe inashuhudia, kwani neno wakili lilimfaa mwakilishi wa mfalme kama lilivyomfaa mwakilishi wa tajiri, na mjumbe aliweza kupelekwa na ye yote kati yao. Swali linalofaa kuulizwa si kama mjumbe alifanya biashara, bali alitoa hesabu kwa nani. Waters alitoa hesabu zake kwa matajiri wa Salem. Jairam alitoa ijara yake na hakuna aliyemwuliza zaidi. Mtu wa tatu katika habari hii ndiye anayetuonyesha mfano mwingine.

Ahmad bin Na'aman al-Kaabi alizaliwa Basra, katika Waarabu wa Kaabi, akaingia katika utumishi wa Seyyid Said akawa katibu na mtu wake wa siri. Seyyid, alipoona kwamba faida ya biashara ya Marekani yapita mikononi mwa Salem na Jairam, aliamua kupeleka chombo chake mwenyewe mpaka bandari ya Marekani. Chombo hicho kilikuwa Sultana, merikebu iliyoundwa Bombay, na Ahmad akawekwa juu yake kuwa mjumbe wa Seyyid na mwangalizi wa shehena kwa pamoja. Nahodha alikuwa Mwingereza aliyeitwa William Sleeman. Sultana iliondoka Unguja mwezi wa Februari 1840, na tarehe 30 Aprili ikaingia New York. Watu wa mji ule hawakupata kuona chombo cha Kiarabu kabla ya siku hiyo, wakamiminika bandarini kukitazama.

Hati ya shehena yake yastahili kusomwa kwa makini, kwa kuwa ni picha ya milki nzima ya Seyyid katika karatasi moja: mifuko 1,300 ya tende, marobota 21 ya mazulia ya Kiajemi, marobota 100 ya kahawa ya Mokha, pembe za ndovu 108, makasha 81 ya sandarusi, mifuko 135 ya karafuu, na ngozi kavu 1,000. Tende na mazulia ni vitu vya Ghuba. Kahawa ni ya Yemeni. Pembe na ngozi zatoka bara, na sandarusi yatoka Mrima. Karafuu peke yake ndiyo iliyotoka katika visiwa vyenyewe. Mifuko 135 ni kitu kidogo pembeni mwa tende 1,300, wala mwaka ule mikarafuu mingi ilikuwa bado ni ya Unguja. Lakini katika hati hiyo karafuu ilikuwa zao la kesho, na vitu vingine vilikuwa vya jana na leo.

Ahmad alikaa New York zaidi ya miezi mitatu. Halmashauri ya mji ilimkaribisha, akatembezwa kuona makarakana ya manowari huko Brooklyn, akapandishwa gari la moshi katika Long Island, na mchoraji Edward Mooney akamchora picha yake, ambayo yaonekana mpaka leo: mtu wa makamo, mwenye kilemba na ndevu, mwenye macho ya utulivu. Serikali ya Marekani iliikarabati Sultana, iliyokuwa imeharibika kwa safari ndefu, bila ya kudai malipo. Wakati huo huo Ahmad alikuwa akiuza shehena kwa mkono wa nyumba ya Barclay na Livingston, na kununua mali ya kurudi nayo: nguo za pamba, shanga, bunduki, baruti, sahani na vitu vingine alivyoagizwa. Hesabu zake alizitia katika daftari, na daftari hilo limehifadhika. Humo tunamwona mjumbe wa mfalme akiandika gharama za safari na bei za vitu, kama aandikavyo karani mwaminifu ambaye atasimama mbele ya bwana wake kuulizwa.

Jambo lililotatiza katika utume huu lilikuwa zawadi. Seyyid alimpelekea Rais Martin Van Buren farasi wawili wa Kiarabu pamoja na lulu, zulia, shali, manukato na upanga. Kwa desturi ya pwani zawadi ni kifundo kinachofunga urafiki wa watu wawili, na kuikataa ni kukikata kifundo. Lakini katiba ya Marekani yamkataza mwenye cheo kupokea kitu cho chote kwa mfalme wa kigeni bila ya idhini ya baraza lao, kwa hiyo rais alijibu kwamba hawezi kuzipokea zawadi kwa nafsi yake. Baraza likatoa idhini zipokewe kwa niaba ya dola. Farasi wakanadiwa, na fedha zikaingia katika hazina. Hapa palikutana fikira mbili. Kwa Seyyid, mtu na cheo chake ni kitu kimoja. Kwa sheria ya Marekani, ni vitu viwili. Na ajabu ni kwamba dola hiyo hiyo, iliyokuwa na hadhari ya namna hii juu ya farasi wawili wa rais, wakati ule ule ilimwacha balozi wake Unguja auze nguo kwa faida yake huku akihukumu kesi za washindani wake.

Sultana ilitoka New York tarehe 9 Agosti 1840 na kufika Unguja mwezi wa Desemba. Kwa upande wa adabu utume ulifaulu. Kwa upande wa biashara haukuanzisha njia mpya. Vyombo vya Seyyid havikuendelea kwenda Marekani, na biashara ikarudi kwa wenye Salem. Mwaka 1842 Seyyid alimpeleka London mtu mwingine, Ali bin Nasser, katika mambo ya dola. Ahmad aliendelea kumtumikia Seyyid, na baada ya kifo cha Seyyid mwaka 1856 akawatumikia wanawe, mpaka alipofariki mwaka 1869. Alama kubwa zaidi ya biashara ile imebaki katika lugha: nguo nyeupe isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, iliitwa merikani, na jina hilo likaenda na misafara mpaka maziwa ya bara, ambako nguo hiyo ilikuwa fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, baina ya mwaka 1861 na 1865, viliipunguza nguo yenyewe, lakini jina halikuondoka. Nguo za nchi nyingine zikarithi jina la Marekani.

Turejee sasa Pemba. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said alihimiza ipandwe katika visiwa vyote viwili. Bei ilipokuwa nzuri kila mwenye ardhi alipanda, na katika miaka ya 1840 karafuu ikazidi haja ya soko, bei ikashuka. Kisha, mwezi wa Aprili 1872, kimbunga kikubwa kikaipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, ilhali Pemba ilisalimika kwa wingi. Tangu mwaka huo uzito ulihama, na katika karne ya 20 karafuu ya Pemba ilikuwa karibu robo tatu ya mavuno yote au zaidi. Mtu wa Wete, wa Chake Chake au wa Mkoani ambaye hakupata kuiona New York akawa ndiye mwenye kuijaza meli iendayo huko.

Mtu huyo alipata nini katika mikataba tuliyoieleza? Mkataba wa mwaka 1833 ulikataza ushuru juu ya mali ya Mmarekani inayopakiwa. Haukusema neno juu ya ushuru anaotozwa mkulima kabla mali haijafika kwa Mmarekani. Mwishoni mwa karne serikali ya Unguja ilichukua robo ya karafuu zote, nayo ilichukuliwa kwa karafuu yenyewe. Mgeni alilipa tano kwa mia, na mwenye mti alilipa mara tano ya hivyo. Hilo si ajabu kwa anayekumbuka nani walikaa kuuandika mkataba: upande mmoja mwenye merikebu, upande wa pili mwenye forodha. Mwenye shamba hakuwapo. Na waliochuma, waliochambua na kutenga makonyo, nao kwa sehemu kubwa walikuwa watumwa, hawakuwamo hata katika mawazo ya waandikaji.

Waingereza walipoitia Unguja na Pemba katika himaya yao mwaka 1890, waliweka Pemba naibu wa balozi. Aliyekaa huko katika miaka hiyo alikuwa Dakta O'Sullivan-Beare. Naibu huyu hakuwa na duka. Alikuwa mtumishi wa mshahara, na barua zake juu ya hali ya watumwa wa mashamba ya Pemba zilisomwa London na kuingia katika mabishano ambayo mwisho wake ulikuwa amri ya Sultan Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897 ya kuondoa hukumu ya utumwa. Hapo twaona faida ya balozi asiyefanya biashara: macho yake yaliweza kutazama mikono inayochuma, na si gunia lililochumwa tu. Lakini naye hesabu yake aliipeleka London. Wapemba waliandikwa, hawakuandika.

Wala kuutenga ubalozi na biashara hakukumaliza jambo, kwa kuwa baadaye dola yenyewe iliingia dukani. Mwaka 1927 kilianzishwa Chama cha Wakulima wa Karafuu, na sheria za mwaka 1934 zilikipa nguvu kubwa katika biashara hiyo. Mwaka 1937 kikapewa mamlaka makubwa zaidi. Wafanyabiashara wa Kihindi waliona wamefungiwa mlango. Serikali ya India ilikuwa imekwisha kumtuma K. P. S. Menon kuchunguza mambo hayo mwaka 1934, yule yule ambaye baada ya uhuru wa India alikuwa mkuu wa wizara yake ya mambo ya nchi za nje. Na katika mwaka 1937 na 1938 Wahindi walisusia karafuu ya Unguja na Pemba mpaka mapatano yalipofanywa. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Shirika la Biashara la Taifa likachukua kazi ya kununua karafuu, na kwa miaka mingi mkulima hakuwa na mnunuzi mwingine. Majina yalibadilika, lakini mfano wa Seyyid Said, mtawala aliye pia mwenye duka, ulidumu kuliko ukoo wake.

Mwaka 1970, miaka 130 baada ya Sultana kutia nanga, Salim Ahmed Salim, aliyezaliwa Pemba mwaka 1942, alifika New York kuwa mwakilishi wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa. Alikuwa amekwisha kuwa balozi huko Cairo mwaka 1964, akiwa kijana wa miaka 22. Katika mwaka 1979 alichaguliwa kuwa rais wa Baraza Kuu la Umoja huo, na baadaye, tangu mwaka 1989 mpaka 2001, alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mpemba huyu hakuja na tende wala pembe, wala hapakuwa na wakala wa kumwuzia shehena. Kazi yake katika mji ule ilikuwa, pamoja na nyingine, kusimamia kamati ya kuzipatia uhuru nchi zilizotawaliwa. Kwake yeye balozi lilikuwa limekwisha kuacha maana ya mchukuzi wa mizigo.

Hata hivyo tusiharakie kusema kwamba historia imekwenda kwa ngazi iliyonyooka, kutoka kwa mjumbe mchuuzi mpaka kwa mjumbe mtaalamu. Wajumbe wa Pemba waliokwenda Maskati hawakuwa wachuuzi. Na Ahmad bin Na'aman, aliyekuwa mchuuzi, ameacha daftari lililo safi kuliko nyaraka za wengi waliolipwa mshahara. Tofauti kubwa baina ya watu tuliowataja haikuwa katika kuuza au kutouza, bali katika kujua nani atakayeuliza hesabu. Seyyid aliuliza yake, na matajiri wa Salem waliuliza yao. Aliyekaa chini ya mkarafuu wa Pemba ndiye peke yake ambaye hakuletewa daftari alisome, na mwenye kuandika historia ya ubalozi wa pwani hii hana budi kuiandika pia kwa upande wake, kwa kuzisoma hati za ushuru za Wete na Chake Chake kwa bidii ile ile tunayoisomea mikataba ya Maskati.